Taa ya Kulengea

Mume wangu Said ana ugonjwa mmoja ambao hajautafutia dawa mpaka leo: hajui kusema kitu kimemshinda. Kuna redio ya kaseti ya bwana mmoja wa Ngaramtoni ilikaa kwenye rafu yetu tangu mwanetu Twahir hajaota meno mpaka akaanza shule, na kila mwenyewe alipokuja kuiulizia aliambiwa bado iko kwenye uchunguzi. Mwishowe yule bwana akawa anakuja kunywa kahawa tu, redio haitaji tena. Nampenda Said, lakini sitamsifia uongo.

Karakana yetu ilikuwa Kaloleni, hapa Arusha mjini, chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu mkwe wangu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Televisheni ndiyo kwanza zinaingia majumbani, wafanyabiashara wanarudi Dubai na makontena, na watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni juzijuzi sasa wanagombania rimoti na watoto wao. Rimoti hizo zikidondoka, zikimwagikiwa chai au zikikaliwa na mashangazi, zinaletwa kwa Said. Mimi nilikuwa na kamera ya video. Nilipiga harusi, vipaimara vya Walutheri, komunio za Wachaga, na mara nyingine hata mazishi. Wapo waliosema mwanamke gani wa Kirangi huyu anayebeba mashine begani mbele za watu. Niliwajibu kwamba wanaoumia waniazime mabega yao, langu lipumzike.

Basi asubuhi moja likasimama mlangoni gari la mradi wa wanyamapori, wakashuka watu wawili. Mmoja alikuwa Daktari Paskalina, daktari wa wanyama, mama wa Kichaga mwenye mwendo wa haraka, ambaye ofisi ya mradi wake ilikuwa Usa River. Wa pili alikuwa Mzee Nathanaeli, na huyo ni mtu wetu. Ni Mmeru wa Akheri, askari wa wanyamapori tangu ujana wake. Said alipofungua karakana na hakuna aliyemjua, Mzee Nathanaeli ndiye aliyekuwa akisimama gulioni Tengeru na kuwaambia watu kwamba Kaloleni kuna kijana ana mikono. Kila aliposhuka mjini alipitia kwetu na mkungu wa ndizi au kibuyu cha mtindi. Tulimwita baba, na hatukumwita hivyo kwa adabu tu.

Serikali ilipopunguza wafanyakazi, naye alipunguzwa. Wenzake walirudi kwenye migomba yao wakakaa kusubiri mafao. Yeye mradi ulimchukua, na kilichofanya achukuliwe ni jicho. Kule Akheri mpaka leo mtoto akilenga parachichi kwa manati akalipata, watu husema ana jicho la Nathanaeli. Mradi ulikuwa na bunduki ya sindano, ile inayorusha dawa ya usingizi badala ya risasi, na mlengaji wake alikuwa yeye.

Daktari alifungua kisanduku, akatoa kitu cheusi cha chuma, kidogo, mfano wa tochi ya mkononi. Alisema ni taa ya kulengea. Hufungwa juu ya bunduki, na ukiiwasha inatupa doa la mwanga pale sindano itakapotua. Ajabu yake ni kwamba mwanga huo jicho la mtu haliuoni, wala la mnyama. Unavaa darubini ya usiku ndipo doa linaonekana. Chui analengwa na hana habari, na mtu asiye na darubini hajui kama taa imewashwa au imezimwa.

Chui ndiye aliyekuwa shida yao. Alikuwa akishuka kutoka msitu wa Meru na kuingia Akheri, na mbuzi wa mjane mmoja aitwaye Kaanaeli alikuwa amewamaliza karibu wote. Mradi ulitaka kumlaza kwa sindano na kumhamishia mbali. Walijaribu mara moja. Mzee Nathanaeli alilenga, akafyatua, akasema imempata, na kumbe sindano ilikuwa imeingia kwenye paja la ndama wa jirani, Mzee Lemburis. Ndama yule alilala mpaka watu wakaanza kugawana nyama yake kwa mdomo, kisha akaamka akaomba maziwa. Kijiji kilicheka wiki nzima. Mzee Nathanaeli hakucheka. Alisema taa imekorofisha, na Daktari alimwamini, kwa sababu katika maisha yake yote mzee yule hakuwa amewahi kukosa.

Wanakijiji walikuwa wameshawaambia watu wa mradi kwamba uvumilivu umekwisha. Kesho yake jioni ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Baada ya hapo wangeweka mzoga wenye dawa ya kuogeshea ng'ombe, afe chui, wafe na mbwa, na chochote kingine kitakachoonja. Kwa hiyo Daktari alihitaji taa ile iwe tayari jioni ya siku hiyohiyo. Alituachia kisanduku, darubini na Mzee Nathanaeli, akaenda zake kwenye shughuli nyingine mjini.

Said hakuwa ameona taa ya namna hiyo maishani. Lakini aliposikia habari ya mwanga usioonekana, uso wake ulichangamka. Alisema huo ni ukoo mmoja na mwanga wa rimoti, ila huu una nguvu zaidi, na akatuonya tusiitazame taa kwa mbele hata kama hatuoni kitu, maana mwanga wa namna hiyo unaunguza jicho bila mwenye jicho kusikia joto. Said akifanya kazi hupenda kuhutubia. Alifungua kifuniko cha betri, akatuonyesha vibati vinavyozishika betri vilivyokuwa vimeota kutu ya kijani. Akavisugua kwa raba ya penseli mpaka vikang'aa, akavipangusa kwa pamba yenye spiriti. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekauka. Akaupaka mafuta kidogo sana, akasema ukiupaka mengi yanakamata vumbi. Kioo cha mbele alikifuta kwa kitambaa laini kwa kuzungusha, akiniangalia mimi, kwa sababu mimi hukifuta cha kamera kwa ncha ya kanga. Skrubu mbili za pembeni, moja ya kusogeza doa kushoto na kulia na nyingine ya juu na chini, alizikuta zimelegea, akazikaza nusu ili ajaribu kwanza.

Ilipofika zamu ya betri, Mzee Nathanaeli alisema zile ni nzuri, amezianika juu ya bati jana kutwa. Sikushangaa. Nani kwetu hajaanika betri? Redio ikianza kunong'ona unazitoa, unazipanga juani kama dagaa, na jioni unapata taarifa ya habari. Alizianika kwa sababu betri za mradi zinakuja kwa maombi na maombi yanachelewa. Said alimwambia kwa upole kwamba betri iliyoanikwa inadanganya, inaamka kidogo halafu inalala moja kwa moja, na ikizidi joto inavuja, na huo uvujaji ndio ulioleta ile kutu. Akaongeza kwamba taa yenyewe haionekani ikiwaka, kwa hiyo huenda ilikuwa inasahaulika imewashwa usiku kucha. Lakini betri mpya zilikuwa za kufuatwa dukani, na Said alikuwa na haraka ya kuona kazi ya mikono yake. Akazirudisha zilezile.

Hapo ndipo nilipohitajika. Said alijua kwamba kamera ya video inauona mwanga wa rimoti. Ndivyo alivyokuwa akizijaribu rimoti za watu siku zote, nami nikimlalamikia kwamba kamera yangu si kipimo chake. Tuliingia stoo, tukaziba dirisha kwa blanketi na mlango kwa mkeka. Said alikuwa amechora msalaba wa chaki ukutani. Yeye akashika taa na bisibisi. Mzee Nathanaeli akavaa darubini, awe anasema doa liko wapi ili Said alisogeze. Mimi nikaweka jicho kwenye kitundu cha kamera.

Said aliwasha, nami nikaliona. Doa dogo jeupe, limetua ukutani upande wa kulia wa msalaba, mbali na mahali lilipotakiwa. Nikafurahi mwenyewe mle gizani. Said akauliza, baba, unaliona? Mzee Nathanaeli akajibu anaona, na kwamba limeegemea kushoto. Nikadhani darubini imemgeuzia mambo. Said akazungusha skrubu, doa likazidi kwenda kulia, mzee akasema vizuri, endelea. Nilitaka kusema. Halafu doa likaanza kufifia, likawa kijivu, likawa si kitu. Betri zilikuwa zimelala. Ukuta ule kwenye kamera yangu ulikuwa mweusi mtupu, na sauti ya Mzee Nathanaeli ikasema, kwa utulivu wote, "Kulia kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo, simama. Imekaa."

Said naye hakujua. Angejuaje? Alishika taa ambayo hata ikiwaka haonyeshwi kitu. Alisema alhamdulillah. Mle stoo mwenye macho nilikuwa mimi peke yangu, na mdomo wangu, ambao wote wanaonijua watakuambia haujui kufungwa, ulikataa kufunguka. Kilichonifunga ni ile sauti yake. Haikuwa sauti ya mtu anayebahatisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kusema anaona. Nilimwonea huruma.

Tulipotoa blanketi, Said alikuwa mtu mwenye furaha. Alitoka kwenda kuswali Alasiri, akasema akirudi atapitia dukani kuchukua betri mpya. Nilimwekea mzee chai barazani, mlango wa karakana ukiwa wazi nyuma yetu. Nilimtazama anavyokipokea kikombe. Alinyoosha mkono polepole, kidole kidogo kikatangulia kutafuta ukingo wa sahani. Ni mara ngapi nimempa chai mzee huyu, na sikuwahi kukitazama kidole hicho.

"Baba," nikamwambia, "ile taa ilizimika."

"Lini?"

"Ulipotuambia imekaa."

Wapita njia walimwamkia, shikamoo mzee, akaitika marahaba kwa kila mmoja, uso wake ukigeukia sauti zinakotoka. Kisha akaniuliza kama Said anajua. Nikamwambia hajui, aliyekuwa kwenye kamera ni mimi.

Ndipo akanieleza. Lilianza jicho la kulia, jicho la kulengea, kama kioo kilichopakwa mtindi. Baadaye la kushoto likafuata. Mchana anajikokota, njia za Akheri anazijua kwa miguu na watu anawajua kwa sauti. Jua likizama anabaki na ukungu. Akivaa darubini ukungu unakuwa wa kijani, basi. Siku ya ndama alisikia kitu kinapumua kwenye migomba, akafyatua kwenye pumzi. Hakumwambia mtu yeyote, hata binti yake Nice anayemfulia na kumpikia.

"Wakinitoa kwenye bunduki, Mama Twahir, mimi nitabaki nani?" aliuliza. "Mzee wa kufukuza nyani kwenye ndizi."

Huruma yangu na hasira yangu zinakaa chumba kimoja, na siku hiyo hasira ndiyo iliyotoka kwanza. Nilimuuliza sindano ikishafyatuliwa, nani anayekwenda kumgusa chui kuhakikisha amelala. Akajibu ni Daktari. Nikamuuliza, na wewe ukisema imempata, na kumbe imegonga mgomba, Daktari anamwendea chui wa namna gani? Nikamuuliza kama Daktari ana watoto. Akasema anao, wadogo, mmoja anampenda sana na humwita babu. Alipolisema hilo sauti ilimkatika, nikajuta ukali wangu lakini sikuomba msamaha.

Aliniomba nimpe kesho tu. Kesho ikipita angesema mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikamwambia kesho ndiyo yenye chui, siwezi kumpa. Lakini nilipowaza kwamba Daktari akija nimvute pembeni nimwambie mzee huyu haoni, nikaona kama namvua nguo baba yangu sokoni. Sikuweza.

Said aliporudi nilimvuta uani. Alikuwa na betri mpya mfukoni na maneno mengi mdomoni. Nilimweleza yote. Kisha nikamwambia lililonijia kichwani: Daktari akija, amwambie taa imemshinda. Bila taa hakuna kulenga, bila kulenga Daktari hatakwenda kwa chui, na mzee atapata muda wa kujisemea mwenyewe bila kuvuliwa nguo.

Mngemwona. Angeambiwa amwache mkewe asingekunja uso vile. Alisema taa ni nzima. Aliingiza betri mpya, akaniburuta mimi na kamera yangu mpaka stoo, akaniwashia, na kweli doa lilikuwa pale, kali, jeupe, akalisogeza mwenyewe kwa maelekezo yangu mpaka likakaa katikati ya msalaba wa chaki. Kazi safi kabisa. Akasema hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na mimi nataka akikane. Alisema angalau amwambie Daktari iko kwenye uchunguzi. Nikamwambia akisema uchunguzi Daktari atasubiri.

Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, bisibisi sikioni. Nilijua anawaza nini, kwa sababu nami niliwaza hilohilo. Fundi hana cheti ukutani. Ana jina, na jina lake linatembea kwa midomo ya watu wanaotoka hapo mlangoni. Daktari huyu angekuwa mlango wa watu wa mradi, na wa hoteli, na wa makampuni ya utalii. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba Mzee Nathanaeli alikuwa akilitangaza jina hilo Tengeru wakati hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika nalo. Akainuka.

Daktari alirudi Magharibi ikikaribia, karakana imeshaanza kuwa na giza. Sikuwasha taa, nilisahau, au labda sikutaka nyuso zetu zionekane. Mzee Nathanaeli alikuwa ameketi kwenye benchi mlangoni. Hatukuwa tumemwambia chochote. Said alisimama nyuma ya meza yake, akasukuma kisanduku mbele.

"Daktari," alisema, "imenishinda."

Nimeishi na mtu huyu miaka, sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Lilitoka dogo. Nilitaka kumkumbatia mbele za watu.

Daktari Paskalina hakuwa mtu wa kudharau watu, lakini alikuwa amechoka na alikuwa na chui. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma, kwamba aliambiwa mapema vitu vya namna hii si vya kuleta Kaloleni, ni vya kupeleka Nairobi, na hawatamsumbua fundi tena. Said akachukua kitambaa, akaanza kuipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Kisha Daktari akafunga kisanduku na kumgeukia Mzee Nathanaeli.

"Mzee, tutakwenda hivyohivyo," alisema. "Tutatumia tochi ya kawaida. Jicho lako nalijua, halihitaji taa."

Uongo wetu ulikuwa umefika mwisho wa kamba yake. Tulidhani tumemzuia Daktari, kumbe tumempunguzia hata ile nafasi ndogo aliyokuwa nayo. Nilifungua mdomo, na safari hii ningesema, Mungu anajua ningesema. Mzee Nathanaeli alishaanza kusimama.

"Taa ni nzima, Daktari," alisema. "Huyu fundi ameitengeneza, imepona. Nimemsikia stoo na mkewe wakiilenga. Anajivunjia jina kwa ajili yangu, na mimi jina lake nimelibeba siku nyingi, siwezi kukaa hapa nikilisikia likianguka." Akavuta pumzi. "Mbovu ni mimi. Sioni."

Daktari alidhani ni uchovu. Alimsogelea mpaka akawa mbele yake kabisa, akamuuliza haoni nini.

"Sasa hivi," alisema Mzee Nathanaeli, "sikuoni wewe."

Nilisikia adhana inaanza, na Said hakusogea. Daktari alikaa kwenye benchi, taratibu, pale mzee alipokuwa ameketi. Nilidhani atafoka, na angekuwa na haki. Alisema siku ile ya ndama aliingia kwenye migomba na tochi na fimbo tu, akimtafuta chui aliyelala, kwa sababu aliambiwa imempata. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mzee Nathanaeli alijibu kwamba anajua, alimsikia akiingia, na alisimama pale akimwomba Mungu kwa moyo wake wote mpaka akamsikia anatoka. Tangu siku hiyo usingizi umemkimbia.

Daktari alilia kidogo, kisha akajifuta kwa kiganja. Alimuuliza habari za macho, jicho gani lilianza na linamuuma au haliumi. Akasema huenda ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa, na Jumatatu atampeleka yeye mwenyewe hospitali ya macho Moshi. Kesho bunduki ataishika yeye, na taa atakuwa nayo. Akamgeukia Said akamwomba radhi, neno moja tu, na Said akasema hakuna neno. Kuhusu kazi hakuahidi kitu. Alisema hajui atawaambia nini wakubwa wa mradi, na mzee hakumuuliza.

Walipoinuka kwenda, Daktari alitangulia na kisanduku kuwasha gari. Nyumba yetu iko juu ya barabara, na ngazi zake ni za mawe, nyingine zimemeguka. Siku zote nikitaka kumsindikiza mzee huyo alikuwa akinipungia mkono, akisema yeye si wa kushikwa, akashuka peke yake kifua mbele. Jioni ile alifika mlangoni akasimama. Akanyoosha mkono hewani, kuelekea niliposimama, si sawasawa.

"Mama Twahir," alisema, "nishike. Hizi ngazi zenu nimekuwa nikizishuka kwa kubahatisha."

Nilimshika. Mkono wake ulikuwa mzito, wa mtu wa bunduki na jembe. Machozi yalinitoka na sikuyaficha, maana hakuna aliyekuwa akiyaona. Tulishuka polepole, na kila ngazi nilimwambia ilipo.